Sputnik ya macho mawili: kurekebisha fokasi na kulinganisha lenzi

Mwongozo huu ni wa Sputnik, kamera ya stereo (inayopiga picha mbili kwa pamoja, moja kwa kila jicho, ili picha ionekane ina kina) ya bakelaiti, yaani plastiki ngumu ya zamani, iliyotengenezwa Leningrad kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inatumia filamu ya 120 na kutoa jozi sita kwa roli moja. Mbele ina lenzi tatu zilizoshikana kwa meno. Mbili za pembeni, T-22 za mm 75 zenye f/4.5, ndizo zinazopiga. Ya katikati, iliyokaa juu kidogo, ni ya kuangalizia tu. Ukizungusha moja, zote zinakwenda. Uzuri wake uko kwenye meno hayo, na matatizo yake mengi pia.

Kamera ya kawaida ikikosea fokasi kidogo, mtazamaji anasamehe. Ya stereo haisamehewi, kwa sababu jicho la kushoto linaona ukali na la kulia linaona ukungu, na ubongo unagoma kuziunganisha. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuzifanya lenzi mbili zifanane. Ukali wa kila moja unafuata. Lenzi mbili zinazokosea kwa kiasi kilekile zinatazamika. Moja safi na nyingine mbovu zinaumiza kichwa ndani ya dakika mbili.

Kabla ya bisibisi, soma filamu

Chukua negativu zote sita bila kuzikata, ziweke juu ya mwanga, na uzikague kwa kioo cha kukuzia cha mara 8 au 10. Kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni hii: kosa la lenzi linajirudia vilevile kwenye kila picha, kosa la filamu linabadilika.

Picha ikiwa kali pembeni na laini katikati kwenye jozi ya pili, halafu jozi ya tatu ikawa safi, usiguse lenzi. Filamu imevimba ndani ya kamera. Njia ya filamu hapa ni ndefu kuliko ya kamera ya 6×6 ya kawaida, na filamu iliyosogezwa jioni ikalala hadi asubuhi hupinda. Dawa ni kusogeza filamu muda mfupi kabla ya kupiga, na kukagua kama springi zinazobana rili zimelegea. Rili iliyolegea inaacha filamu ikae kama kamba ya kuanikia nguo.

Upande mmoja ukiwa laini kwenye jozi zote sita, hiyo ni lenzi. Pande zote mbili zikiwa laini kwa kiasi kimoja mbali kabisa, lakini kitu cha mita 8 kikiwa safi, pete zote za fokasi zimefungwa vibaya, na mara nyingi ni mtu aliyezisafisha akazirudisha kwa kukisia. Kona moja tu ikiwa laini, lenzi imeinama au sehemu ya mbele imeingizwa hesi zikiwa zimepishana. Katikati pakiwa pakali na kingo zote zikiwa zimeyeyuka, hata ukifunga tundu hadi f/11, shuku kwamba kuna kioo kilichogeuzwa wakati wa kusafisha.

Kuna malalamiko mengine mawili ambayo hayahusu fokasi kabisa, nayo yanapoteza watu muda. La kwanza ni kina kilichogeuka: mlima uko mbele, uso wa mtu uko nyuma. Hapo lenzi hazina kosa. Kila lenzi inapindua picha yake, kwa hiyo ukiusimamisha utepe wa filamu, picha ya lenzi ya kulia inakaa kushoto. Lazima ukate na kubadilishana nafasi. Ili usichanganye, bandika kipande cha utepe mweusi cha mm 1 kwenye kona ya dirisha la filamu la upande wa kushoto. Kitaacha alama kwenye kila picha ya upande huo, na utakitumia katika vipimo vyote vinavyofuata.

La pili ni ukungu wa jumla, kama picha imepigwa kupitia pazia. Bakelaiti ya ndani inang'aa, na mwanga unaoruka kutoka kwenye kuta za vyumba viwili unatua juu ya filamu. Funika kuta hizo kwa mahameli nyembamba nyeusi au karatasi nyeusi isiyong'aa, pamoja na ukuta unaotenganisha vyumba. Usiruhusu hata uzi mmoja upande juu ya reli za filamu. Baada ya hapo ndipo unajua ukali halisi wa lenzi zako.

Vitu vya kuandaa

Bisibisi za fundi saa, bapa, za mm 1.0 hadi 1.6. Kalipa inayosoma 0.1 mm. Kioo cha kukuzia cha mara 8. Stendi ya miguu mitatu. Waya wa kufyatulia wenye kifungo, ili shata ibaki wazi kwenye B. Benzini nyeupe, ile ya kujazia viberiti. Vijiti vya mianzi. Grisi ya hesi za lenzi, na si mafuta ya cherehani wala dawa ya kupuliza ya kulainisha vyuma, kwa maana hizo zinatambaa hadi kwenye vipande vya shata na kuvigandisha.

Kitu kimoja utakitengeneza mwenyewe: kioo chenye ukungu cha kuweka mahali pa filamu. Nunua kwa fundi wa fremu za picha vipande viwili vya kioo cha mm 2, kila kimoja mm 130 kwa 60. Weka tone la maji na unga wa kaborandamu namba 600 kati yake, kisha visage kimoja juu ya kingine kwa miduara kwa dakika kumi. Pasta laini ya kusagia valvu za injini, inayopatikana kwenye maduka ya vipuri, inafanya kazi hiyo ingawa inaacha chembe kubwa kidogo. Ukiwa na haraka, bandika seloteipu isiyong'aa juu ya kioo cheupe, bila mapovu, utepe ukielekea lenzi. Usiinyooshe seloteipu peke yake kwenye dirisha la filamu. Inabonyea kwa zaidi ya kosa unalolitafuta.

Kioo kimoja kirefu ni bora kuliko viwili vifupi, kwa sababu madirisha yote mawili yanapata uso mmoja na mstari mmoja wa kupimia. Kwa penseli ya 0.3 mm, chora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho upande wenye ukungu, mm 30 kutoka ukingo wa chini.

Ukali gani unatosha? Kwa lenzi ya mm 75, kosa la 0.2 mm tu kwenye uso wa filamu linaihamisha fokasi ya mbali kabisa hadi mita 28 hivi. Kosa la 0.5 mm linaileta mita 11. Ndiyo maana kipande cha seloteipu kilichobonyea, au uchafu chini ya kioo, vinaweza kukufanya uharibu lenzi iliyokuwa nzima.

Kupima fokasi ilivyo sasa

Fungua mgongo wa kamera. Safisha reli za ndani, zile ambazo filamu inalalia, kwa kitambaa kilichogusishwa benzini. Weka kioo juu ya reli hizo, upande wa ukungu ukitazama lenzi, na ukibane kwa mpira mwembamba. Sukuma kwa kidole kila kona: kikicheza, kimelalia uchafu au ukingo mbaya.

Funga kamera kwenye stendi na uielekeze kwenye kitu chenye mistari myembamba kilicho mbali zaidi ya mita 500. Mnara wa simu ni mzuri kuliko jengo, kwani vyuma vyake vinaonekana vyeusi dhidi ya anga. Weka f/4.5, shata kwenye B, fungua na ukaze kifungo cha waya. Jifunike kwa kitambaa cheusi. Picha itakuwa kichwa chini; ni kawaida.

Zungusha pete hadi upande wa kushoto uwe mkali kabisa. Andika namba iliyo kwenye pete. Zungusha tena, safari hii kwa upande wa kulia, na uandike. Rudia mara tano kila upande, daima ukitoka karibu kuelekea ∞, alama ya mbali kabisa. Meno ya gia yana nafasi kidogo kati yake, na ukija leo kutoka mbele na kesho kutoka nyuma utapima ulegevu wa meno badala ya lenzi. Ukipata namba zinazorukaruka, tatizo la kwanza ni ulegevu au grisi iliyoganda, na lenzi inasubiri zamu yake.

Kama una kamera ya kidijitali yenye lenzi ya mm 150 au zaidi, kuna njia kali kuliko kioo. Iweke kamera hiyo kwenye mbali kabisa kwa kutumia mnara uleule, ikaze pete kwa utepe. Kwenye reli za Sputnik weka kipande cha filamu nyeusi kilichokwaruzwa alama ya X kwa sindano, kisha mulika taa kwa nyuma. Angalia ndani ya lenzi ya Sputnik kwa kamera ya kidijitali. X ikiwa kali, lenzi iko ∞ kweli. X ikiwa kali tu pale fokasi ya kamera ya kidijitali inaposogezwa karibu kidogo, lenzi ya Sputnik imeingizwa ndani mno, ifungue kidogo. Ikibaki na ukungu na kuzidi kuharibika unaposogeza fokasi hiyo karibu, lenzi imetoka nje mno; iingize. Njia hii inafanyika mezani, usiku, mvua ikinyesha.

Kurekebisha lenzi moja kwa wakati

Mshika mawili moja humponyoka, na hapa ndipo methali hiyo inapofundishwa kwa vitendo. Usilegeze pete za lenzi zote mbili kwa pamoja. Ukifanya hivyo unapoteza rejea, na utakaa siku nzima ukifukuzana na gia.

Piga picha sehemu ya mbele ya kamera kwa simu. Kwa penseli ya rangi nyeupe, weka alama kwenye jino la kila pete na jino linaloshikana nalo. Kisha:

1. Zungusha zote hadi mwisho wa ∞, pale zinapogonga kizuizi.

2. Kwenye ukingo wa pete ya meno ya lenzi ya kushoto kuna skrubu ndogo zinazoibana juu ya sehemu ya mbele ya lenzi. Zilegeze robo mzunguko moja baada ya nyingine, usizitoe. Skrubu hizi ni fupi, zikianguka kwenye zulia zimekwenda. Ikiwa moja haitaki, weka tone la benzini na usubiri dakika kumi. Ukilazimisha, kichwa kinakatika na kazi inageuka ya kutoboa.

3. Sasa sehemu ya mbele ya lenzi inazunguka ndani ya pete huku pete ikiwa imesimama. Ishike kwa vidole viwili vikavu, au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na uizungushe hadi mnara uwe mkali kwenye kioo. Pita ukali, rudi, pita tena. Mahali sahihi ni katikati ya pale ulipoanza kuharibika pande zote mbili.

4. Kaza skrubu kwa zamu, kila moja theluthi ya nguvu, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, inaisukuma pete upande na lenzi inazunguka nayo.

5. Angalia tena kwenye kioo. Kukaza mara nyingi kunahamisha kidogo. Rudia hadi ikae.

Halafu fanya vivyo hivyo kwa lenzi ya kulia, pete zikiwa bado zimegonga ∞.

Ya kuangalizia ndiyo ya mwisho, na ina mtego wake. Gia mbili zinazoshikana meno moja kwa moja huzunguka kinyume. Ili lenzi ya katikati itoke nje wakati za pembeni nazo zinatoka, hesi zake zimekatwa kinyume. Mtu asiyejua huizungusha kwa mazoea akidhani anafungua, kumbe anakaza, na hesi zake zinaliwa. Zungusha taratibu na utazame inakwenda wapi. Rekebisha hadi mnara uwe mkali kwenye sehemu yenye ukungu katikati ya kioo cha juu. Sehemu iliyobaki inayong'aa haipimi chochote, kila kitu kinaonekana kikali hapo. Kusema kweli, hata ikirekebishwa vizuri, sehemu hiyo ni ndogo na wengi huishia kupima umbali kwa hatua na kusoma namba kwenye pete. Ukifunga f/16 na kuweka mita 7, unapata ukali kuanzia kama mita 3.5 hadi mbali kabisa. Ila hilo si kisingizio cha kuacha lenzi mbili za kupigia zikiwa tofauti.

Pete ikiwa nzito au imeganda

Grisi ya zamani hukauka ikawa kama sabuni ya kipande. Ukilazimisha pete, unachozungusha si hesi bali pete juu ya lenzi, na marekebisho yote yanapotea.

Legeza skrubu za pete, itoe pete, kisha fungua sehemu ya mbele polepole ukihesabu mizunguko na robo zake hadi iachie. Pale inapoachia, weka alama mbili zinazotazamana, moja kwenye sehemu inayotoka na nyingine kwenye bomba inamotoka. Bila alama hiyo, unaweza kuirudisha kwenye mwanzo mwingine wa hesi, ikaonekana imekaa vizuri lakini isifike kamwe ∞.

Andika "KL" au "KS" kwa penseli ukutani mwa kila sehemu, kulia na kushoto. Usizichanganye. Sugua hesi kwa kijiti cha mianzi na kitambaa chenye benzini hadi kisiache rangi. Paka grisi mpya: kiasi cha kichwa cha kiberiti kinatosha lenzi zote tatu. Ikizidi, joto la garini mchana litaipeleka kwenye vioo.

Unaporudisha, zungusha kwanza upande wa kufungua hadi usikie hesi zinadondokeana kwa mlio mdogo, ndipo uanze kufunga. Ikigoma kabla ya nusu mzunguko, imepishana. Toa, anza upya.

Ulinganifu wa wima

Macho yetu yanaweza kwenda pamoja ndani na nje kwa urahisi, lakini hayana mazoea ya moja kutazama juu na jingine chini. Kwa Sputnik, tofauti ya juu-chini isizidi 0.2 mm kwenye filamu. Kwenye 0.5 mm mtazamaji anaanza kukunja uso. Kwenye mm 1 hazikutani.

Rudisha kioo chenye mstari. Hakikisha ukingo wake wa chini umegusa kitako kilekile pande zote mbili. Elekeza kamera hadi ncha ya mnara ikae juu ya mstari upande wa kushoto, kisha angalia upande wa kulia. Pima kwa kalipa umbali kati ya ncha na mstari. Hapo una namba. Haijalishi kama stendi imeinama kidogo, maana kipimo kinafuata kioo na reli, hakifuati ardhi.

Kama namba ni kubwa, tafuta sababu kwa mpangilio huu, kutoka rahisi kwenda ngumu.

Kwanza, zungusha pete ya fokasi huku ukitazama picha ya upande unaoshukiwa. Picha ikitulia mahali pamoja na kubadilika ukali tu, sehemu ya mbele iko sawa. Ikitembea kwa duara au nusu duara, kioo cha mbele hakiko katikati ya hesi zake: ama kimepishana, ama pete inayokishika imelegea. Hili linarekebishika bila kugusa mwili wa kamera.

Pili, fungua mgongo na utikise kila lenzi kwa kidole kutoka ndani. Nyuma ya kila shata kuna pete ya chuma yenye mikato miwili inayoibana kwenye bamba la mbele. Ikilegea, shata inakaa kwa mshazari. Ikaze kwa bisibisi mbili ndogo zilizowekwa kwenye mikato yote miwili kwa pamoja, au kwa kalipa ya zamani usiyoionea huruma. Ukiona kipande cha karatasi au chuma chembamba kati ya shata na bamba, kirudishe kama kilivyokuwa. Si takataka, ni kipimo.

Tatu, kagua skrubu za bamba la mbele na nyufa za bakelaiti, hasa kwenye kona za chini ambako kamera hupokea pigo ikianguka. Bakelaiti haipindi ikarudi. Bamba lililopinda unaweza kulinyoosha kwa karatasi nyembamba ya aluminiamu chini ya kona moja, na hapo nenda kidogokidogo: kunja moja, pima, kunja mbili, pima. Ukiweka kitu chini ya bamba, fokasi ya mbali inahama, kwa hiyo rudia kipimo cha ∞.

Ikibaki chini ya 0.3 mm na mwili una ufa wa zamani, ningeiacha. Kosa dogo lisilobadilika linasahihishwa wakati wa kukata na kubandika jozi. Kosa linalocheza halisahihishiki popote.

Ukubwa wa picha na mzunguko

Kamera nyingi za aina hii zimepitia mikono iliyobadilisha lenzi moja kwa ile ya kamera ya Lubitel, kwa kuwa jina ni lilelile, T-22 ya mm 75. Jina moja halimaanishi urefu wa fokasi mmoja hadi sehemu ya milimita. Chagua alama mbili za mbali zilizoachana karibu upana wote wa picha. Pima umbali kati yake kwenye kioo, kushoto na kulia. Ukipata 40.0 na 40.1, una bahati. Ukipata 40.0 na 40.4, tofauti ni asilimia 1: katikati jozi inalingana, lakini kwenye ukingo, mm 28 kutoka katikati, vitu vinaachana kwa karibu 0.3 mm. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Tafuta lenzi nyingine, au kubali kusawazisha ukubwa kwenye kompyuta.

Kwa kompyuta, programu ya bure ya StereoPhoto Maker ya Masuji Suto inalinganisha jozi yenyewe, na ni chombo kizuri cha uchunguzi. Skani utepe bila kuukata, picha zote mbili kwa pamoja, kwa dpi 2400. Kwa kipimo hicho mm 1 ni pikseli 94 hivi. Ikiwa jozi zote sita zinadai kuinuliwa kwa pikseli 30 upande uleule, una kosa la wima la 0.3 mm kwenye kamera. Zikidai kiasi tofauti kila mara, skana au filamu ndiyo inayoteleza.

Kama kamera yako si Sputnik

Kodak Stereo ya 1954 hadi 1959 nayo inarekebisha fokasi kwa sehemu za mbele za lenzi zilizounganishwa, kwa hiyo mantiki ya hapo juu inafaa, ukikumbuka ni lenzi za mm 35 na kioo chako kitakuwa kidogo.

Stereo Realist ya kampuni ya David White, Milwaukee, iliyoingia sokoni 1947, ni kiumbe kingine. Lenzi zake hazisogei. Kinachosogea ni bamba la filamu. Pande zote mbili zikiwa laini sawasawa, tatizo ni kifaa cha kupimia umbali au kitufe cha fokasi. Upande mmoja tu ukiwa laini, lenzi hiyo haijakaa kwenye kitako chake, au bamba limeinamishwa na mtu aliyelibonyeza kwa kidole akisafisha. Usilibonyeze. Pia usishtuke ukikuta picha zake zimeachana zaidi ya lenzi: lenzi ziko mm 70 kutoka moja hadi nyingine, lakini katikati ya picha moja hadi mwenzake ni matundu 15 ya filamu, yaani mm 71.25. Tofauti hiyo imewekwa makusudi ili fremu ionekane kama dirisha lililo mita 2 mbele yako. Kuna watu wameiharibu kamera nzima wakiifuta.

Roli ya kuthibitisha

Kioo kinakuambia lenzi zikoje mezani. Filamu inakuambia kamera ikoje. Tumia roli moja nyeusi-na-nyeupe ya ISO 100, kamera kwenye stendi. Unasogeza filamu kwa namba za witiri tu, zinazosomeka kupitia kioo chekundu cha mgongoni:

Namba 1, mnara wa mbali, f/4.5, pete kwenye ∞. Kwa kuwa shata yake haiendi zaidi ya 1/125, piga alfajiri au jioni.

Namba 3, ukuta wa matofali, mita 3, kamera ikiutazama ana kwa ana, f/4.5. Linganisha kona nne za kila picha.

Namba 5, vizibo tisa vya soda vilivyopangwa kwa mshazari mezani, kila kimoja sm 10 nyuma ya mwenzake, cha tano kikiwa mita 2 kutoka lenzi. Weka fokasi kwenye cha tano, f/4.5. Tazama ni kizibo kipi kikali zaidi kila upande. Kizibo kimoja hapa ni sawa na 0.14 mm kwenye filamu. Kushoto cha tano na kulia cha tano: vizuri. Cha tano na cha sita: inatumika. Cha tano na cha saba: rudi kwenye skrubu.

Namba 7, vizibo vilevile, f/11. Hii inaonyesha kama tofauti inafichika kwenye matumizi ya kawaida.

Namba 9, mnara tena, baada ya kupeleka pete hadi mita 1.3 na kurudi. Ikitofautiana na namba 1, pete inateleza juu ya lenzi au meno yamelegea.

Namba 11, ukuta mweupe wenye kivuli sawa, 1/125, bila kujali fokasi. Pima weusi wa negativu mbili. Upande mmoja ukiwa mwepesi, shata mbili hazifunguki kwa muda mmoja, na hiyo ni kazi ya kusafisha shata kabla ya kugusa tena pete yoyote ya fokasi.